Nilianza na Siti ya Nyuma

Dalali alifungua boneti kabla hata salamu hazijaisha. "Sikiliza mlio, shemeji. Injini hii haijaguswa." Mume wangu akainama, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kivuli cha mwembe, kitindamimba wetu wa miezi minane mgongoni, wa miaka mitatu kaning'ang'ania kanga, wa miaka sita keshaanza kulizunguka gari akihesabu matairi. Lilikuwa RAV4 jeusi, namba C (herufi za usajili zinaanza na C), limesuguliwa mpaka matawi ya mwembe yanaonekana ubavuni. Nikafungua mlango wa nyuma, nikamfungua mtoto mgongoni, nikaingia na wote watatu, nikafunga mlango.

Nilikaa humo kama dakika kumi. Mkanda wa kulia niliuvuta ukaja. Wa kushoto ukakwama nusu. Wa katikati niliutafuta kwa vidole kwenye ufa wa siti mpaka nikaukuta umejikunja chini kabisa, umejaa vumbi na makombo ya miaka, na kifungio chake hakipo. Niliwasha kiyoyozi, mbele kilipuliza vizuri, nyuma tukabaki na jasho letu. Nilipotoka nikasema hili hatuchukui.

"Dada, mkanda ni shilingi ngapi?" dalali akaniuliza. Hakuniuliza kwa ubaya. "Gari ni injini."

Nimelifikiria sana lile jibu lake, maana mpaka miezi miwili kabla ya siku ile na mimi ningesema hivyo hivyo.

Tulikuwa tumeazima gari la shemeji yangu kwenda msibani Mikindani, karibu na mjini Mtwara tunakoishi. Jioni tunarudi, njia ile inayopita kando ya ghuba, jua limeshuka upande wa maji, mume wangu anaendesha taratibu, mimi nimekaa mbele, yule wa miaka mitatu nimempakata. Nilimpakata kama nilivyopakatwa mimi, na kama watoto wote ninaowaona wakipakatwa kila siku kwenye Noah za abiria na kwenye bajaji. Mbuzi akakatisha. Mume wangu akakanyaga breki, gari likasimama bila kumgusa mbuzi. Mwanangu alikuwa amenitoka mikononi. Nilisikia paji la uso wake likigonga dashibodi kabla sijaelewa kwamba mikono yangu ni mitupu.

Nyuzi tatu, juu ya nyusi ya kushoto. Daktari alisema tumshukuru Mungu, na tulimshukuru. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu mimi nafundisha fizikia sekondari, na hesabu yenyewe naiandika ubaoni kila mwaka.

Gari likienda kilomita 40 kwa saa linakwenda mita 11 na kitu kwa sekunde. Kitu kinachoanguka kutoka juu hufikia kasi hiyo kikidondoka mita 6. Kilomita 50 kwa saa ni sawa na kudondoka karibu mita 10, urefu wa mnazi wa kutosha. Ukifika kilomita 80, mwendo ambao kila mtu huku anauona wa kawaida kwenye lami ya kwenda Lindi, ni mita 25. Kutoka 40 hadi 80 mwendo umeongezeka mara mbili, urefu wa kuanguka umeongezeka mara nne. Na mtoto wa kilo 12, gari likigonga kitu kwa kilomita 50 na kusimama ndani ya nusu mita, anavuta mikono ya anayempakata kwa nguvu ya karibu kilo 240. Ni magunia matatu ya kilo 80, yote kwa mpigo mmoja. Hakuna mama mwenye mikono hiyo. Nimeifundisha hesabu hii kwa mifano ya mawe na mipira miaka tisa, na siku zote nilimpakata mwanangu kiti cha mbele.

Asubuhi nilimwambia mume wangu kwamba tukinunua gari, tunaanza na siti ya nyuma. Injini tutaikagua, boneti tutaifungua, lakini baadaye.

Tulikuwa na milioni 14. Sehemu ilikuwa mkopo wangu wa kazini, sehemu fedha za korosho za shamba la mume wangu kule Newala, za misimu miwili. Kuagiza gari Japani tulikufikiria tukakuacha. Magari ya bei tunayoiweza ni ya miaka ya 2003 hadi 2008, na gari lililozidi miaka 10 linatozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu pekee, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa ukubwa wa injini na VAT ya asilimia 18. Kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kipo mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuingiza aina na mwaka wa gari akaona jumla yake. Sisi tulipoiona tukageukia magari yaliyokwishatembelewa hapa hapa nchini.

Kila tuliyemuuliza alitushauri IST. Gari dogo, linanusa mafuta tu, spea zake zipo kila duka. Ni ushauri mzuri kwa mtu wa Dar es Salaam anayekaa foleni saa mbili kutoka Mbagala kwenda mjini. Mtwara ni mji mdogo. Kutoka kwetu Shangani mpaka hospitali ya Ligula, mpaka sokoni, mpaka shuleni kwa watoto, siku nzima hatumalizi kilomita 15. Tofauti ya mafuta kati ya injini ndogo na ya cc 2,000 kwa kilomita hizo haiwezi kuamua gari la familia. Kinacholiamua huku kwetu ni safari chache zilizo ndefu: kwenda kwa bibi yao Newala, na mara moja au mbili kwa mwaka kwenda Dar, kilomita 560 hivi.

Safari ya Newala nitaieleza kidogo kwa wasioijua. Lami ipo kutoka Mtwara, unapita Naliendele na Nanguruwe, mpaka Mnivata, kilomita 50. Kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ni kilomita 160 nyingine ambazo lami imekuwa ikijengwa, kwa hiyo kuna vipande laini, kuna michepuko, kuna vumbi jekundu linaloingia hata kwenye nywele za mtoto aliyefunikwa. Masika, michepuko hiyo inakuwa tope. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, unapishana na malori yaliyobeba magunia. Gari lililo chini sana litalia tumbo njia nzima.

Na ya Dar nayo ina yake. Mei 2024, mvua zile kubwa na kimbunga Hidaya vilipopita, maji yaliikata barabara maeneo ya Somanga na magari yakakwama huku na huku. Mwalimu mwenzangu alikuwemo, na watoto wawili kwenye gari dogo. Aliniambia kilichomtesa zaidi ya njaa ni kukosa pa kumlaza mtoto. Tangu hapo hatusafiri kwenda kaskazini bila dumu la maji ya kunywa, chungu cha chakula na kanga za kutosha, na vitu hivyo vinahitaji buti.

Gari nililolipenda kuliko yote lilikuwa Raum. Toleo la pili, lile lililoanza 2003. Milango ya nyuma yote miwili ni ya kuslaidi, na upande wa kushoto, ukifungua mlango wa mbele na wa nyuma pamoja, hakuna nguzo katikati. Ubavu wote unabaki wazi kama mlango wa duka. Nilisimama pale nikiwa na mtoto mkononi nikaingia moja kwa moja, sikuinama wala sikupinda mgongo. Na tazama ufundi wa waliolibuni: Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo ubavu huo mpana ndio ulio upande wa ukingo wa barabara, mtoto anashukia kwenye majani badala ya kushukia kwenye bodaboda. Mlango wa kuslaidi haumpigi mpita njia, na mtoto wa miaka mitatu hawezi kuubamiza wazi katikati ya soko. Mama yeyote mwenye watoto wawili na bajeti ndogo, namwambia kwa moyo wote alitazame Raum kabla ya kitu kingine.

Sisi hatukulinunua kwa sababu ya hesabu nyepesi: lina siti tano. Sisi ni watano, na bibi yao akija au tukimfuata tunakuwa sita. Ukishaamua kwamba kila mtu afunge mkanda wake, siti tano zenye watu sita maana yake kuna mtu umempakata tena. Na nyuma, viti viwili vya watoto vikishafungwa, nafasi ya katikati haikai hata mtu mwembamba.

Wish na Spacio zina siti saba kwenye karatasi. Ukiinua zile za nyuma kabisa, buti inaisha, na milango yake ni ya kawaida. Sienta ingetufaa, ina siti saba na milango ya kuslaidi, ila wiki zile zote hatukupata hapa kusini hata moja iliyo nzima.

Ikabaki Noah, ile ya siti nane na milango ya kuslaidi.

Mume wangu hakutaka. "Noah ni gari la abiria. Watu watanisimamisha barabarani." Nilimwelewa. Mwanaume amekusanya fedha za korosho misimu miwili, anataka gari ambalo akishuka nalo kijijini wazee wanaona. Sikubishana naye, nilimwomba akae nyuma. Tulimpata mwenye Noah mmoja pale Chikongola, tukaazima nusu saa, nikampa mume wangu mtoto mchanga na mfuko wa nepi nikamwambia ambadilishe humo humo, mimi naendesha. Alifanya hivyo akiwa amepiga magoti kati ya siti, mgongo umenyooka, yule wa miaka sita kakaa nyuma kabisa bila kumgusa mdogo wake, hakuna aliyelia. Aliporudi mbele alisema tu, "Basi tutafute iliyo nzima."

Kutafuta iliyo nzima ndiyo kazi. Noah nyingi za huku zimebeba abiria miaka na miaka, na nyingine zimebeba vibaya zaidi ya abiria. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, safi, bei milioni 11. Fundi wetu, mzee mmoja ambaye hasemi sana, hakuigusa injini. Alitandika boksi chini, akalala chali, akaingia uvunguni na bisibisi. Tukamsikia anagonga: ngo, ngo, ngo, mlio wa chuma. Halafu akagonga karibu na tairi la nyuma na mlio ukabadilika, ukawa kama wa kopo. Akasukuma bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, kutu ikamwagika kifuani kwake kama ugoro.

"Hii imebeba samaki," akasema akiwa bado chini.

Nikainua zulia la ndani, na harufu ikatoka. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, yanatiririka kutoka kwenye ndoo, yanapita chini ya zulia, yanakaa kwenye chuma mwaka mzima. Juu rangi inang'aa. Sisi tunaoishi ufukweni tuna chumvi ya upepo pia, na hata magari yanayotoka Japani, yale ya mikoa ya baridi kali, hutembea kwenye barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyushia theluji. Kwa hiyo mtu wa Mtwara au Lindi anayenunua gari la watoto wake, amlipe fundi alale uvunguni. Ile chasesi ndiyo inayobaki kati ya mtoto na lori.

Tuliyoinunua tuliipata Lindi mjini, kwa mstaafu aliyekuwa akiitumia kwenda shambani na kanisani. Ya mwaka 2005, namba D, milioni 13 na laki mbili. Mikanda nane niliivuta mmoja mmoja, yote ikaja na kurudi. Ule wa katikati nyuma kabisa ni wa kiunoni tu, siti hiyo hatukalishi mtoto. Kufuli za watoto kwenye milango nilizijaribu kwa kumfungia mwanangu mkubwa ndani na kumwomba afungue. Kiyoyozi kina matundu yake ya nyuma. Hilo si anasa huku, ndani ya gari lililofungwa juani joto linapanda nyuzi kama 10 ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto mdogo unapata joto haraka kuliko wetu. Simwachi mtoto ndani hata nikienda kununua nyanya.

Matairi yalikuwa na kashata nzuri, ile michongo ya mpira inayoshika barabara, mume wangu akayasifia. Fundi akatuonyesha namba nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja lilisomeka 3112, wiki ya 31 ya mwaka 2012. Kashata ipo, mpira umeshakufa. Tukapunguziwa laki tatu, tukanunua manne mapya kabla ya kurudi Mtwara.

Injini yake ni ya 2,000, ile ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Fundi alitutahadharisha kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuzifungua nyingi: hii haitaki mafuta machafu. Petroli ya chupa za kando ya njia tusiisogelee. Sasa tunajaza Mtwara kabla ya kupanda Newala, na nimeshazoea kutazama bei za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, maana bei ya mafuta yaliyopita bandari ya Mtwara wanaitangaza peke yake. Karatasi zilikwenda haraka: kadi ya gari, kulinganisha namba ya chasesi, kuangalia kama kuna faini za trafiki zinazodaiwa, kubadilisha jina TRA. Bima tulikata kubwa.

Viti vya watoto ndivyo vilivyotuchukua muda. Mtwara sikuvipata. Dada yangu alinitafutia viwili vya mtumba Dar, akavipakia kwenye basi. Nilimwomba akague mambo mawili tu: plastiki isiwe na ufa, na mikanda isiwe imenyofoka nyuzi. Cha mdogo nilikigeuza kitazame nyuma, kwenye siti ya katikati ya gari, kamwe si mbele, kwa sababu mfuko wa hewa wa mbele ukilipuka unakipiga kiti hicho kwa nyuma na kichwa cha mtoto kipo hapo hapo. Kanuni za Umoja wa Mataifa za viti hivi zinataka mtoto atazame nyuma angalau mpaka miezi 15. Shingo yake bado laini na kichwa ni kizito. Gari likisimama ghafla, mgongo wa kiti unamdaka mwili mzima. Gari letu halina vile vyuma vya kufungia viti vya watoto, kwa hiyo natumia mkanda wa gari: naupitisha kwenye njia yake, napanda na goti juu ya kiti, navuta mpaka goti linauma, kisha nakitikisa. Kikicheza zaidi ya upana wa vidole viwili, narudia.

Najua wanaosoma hapa wengi hawana gari. Kila asubuhi naona baba amembeba mama na watoto wawili kwenye bodaboda, mshikaki, mtoto mdogo kakaa mbele kwenye tangi, na sina la kumlaumu. Shule iko mbali na nauli ni moja. Ninaowaandikia ni wale wanaokusanya milioni zao sasa hivi, wanaoonyeshwa boneti.

Safari ya kwanza ya Newala ilikuwa Desemba. Pale Naliendele watu watatu walitupungia mkono tusimame, mume wangu akawapungia na yeye, tukapita. Baada ya Mnivata tulikwenda pole pole, madirisha juu, vumbi likabaki nje. Siku ya tatu tukageuza na mama mkwe wangu tumembeba, anakuja kliniki ya macho. Miguu yake ina maumivu ya miaka mingi. Kwenye magari ya watu huinuliwa kama gunia na hutazama chini kwa aibu. Mlango ulifunguka pembeni, akashika mpini, akapanda mwenyewe, akakaa, akajitengeneza kanga. Nyuma yetu kulikuwa na ming'oko (viazi vya porini) ndoo nzima, mihogo, na kuku wawili.

Nilipomfunga mjukuu wake kwenye kiti akashtuka. "Mama watoto, mbona unamfunga kama mzigo? Nipe nimpakate."

Nikamgeuza yule wa miaka mitatu, nikamwonyesha alama juu ya nyusi. Akaitazama. Akapitisha kidole juu yake, taratibu, mwanzo mpaka mwisho. Hakusema neno. Kisha akavuta mkanda wake mwenyewe, akanipa ncha nimfungie, akanyoosha mkono akaushika mguu wa mtoto mchanga uliokuwa unaning'inia kwenye kiti, na akaushikilia hivyo hivyo mpaka Mtwara.